Pikipiki ya Pili: Mashine Iliyolala Si Mashine Mpya

Katika nchi yetu pikipiki ni chombo cha kazi. Humpeleka mgonjwa kwenye zahanati, hubeba mizigo ya sokoni, humpatia kijana riziki yake ya kila siku kwa kuchukua abiria. Moteri yake kwa kawaida ni ndogo, ya santimita za ujazo 100, 125 au 150, na mwenyewe huipanda tangu alfajiri mpaka usiku. Huko Marekani na Ulaya mambo ni mbalimbali. Watu wengi wana motokari ya kwendea kazini, na pikipiki ni chombo cha kujifurahisha siku za mapumziko. Tena wako walio na pikipiki mbili: moja ya safari na ya kazi, na nyingine ya furaha tu.

Hiyo ya pili mara nyingi hununuliwa kwa mtu aliyekwisha kuitumia. Na namna moja ipendwayo sana ni ile iitwayo kruza. Kruza ni pikipiki ndefu na nzito, kiti chake kiko chini, naye mpandaji hukaa kwa raha kama mzee barazani kwake. Lakini ziko kruza ambazo, ndani ya mwili ule mzito, zimetiwa moteri ya mbio kweli kweli. Ndizo tunazotaka kuzieleza leo: mtu azinunuaje, apime nini, na ni hatari gani imngojayo asiyejua.

Ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili wanakaa sasa katika nchi hizo, na habari hii yawahusu waziwazi. Lakini hata msomaji asiyekusudia kuvuka bahari ataona kwamba akili ya kununua chombo kilichotumika ni moja popote.

MASHINE YENYEWE

Tuchukue mfano mmoja ujulikanao sana: Yamaha V-Max. Wajapani waliitengeneza wakiwafikiria hasa Wamarekani, ambao wapenda mashindano ya njia iliyonyoka ya robo maili, yaani mita 402 tu, anayetangulia ndiye mshindi. Ilionyeshwa mwaka 1984, ikaanza kuuzwa mwaka 1985, na namna ile ya kwanza iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2007. Kwa hiyo ziko nyingi mikononi mwa watu.

Moteri yake ina silinda nne zilizopangwa kama herufi V, na ujazo wake ni santimita 1198. Ile iliyouzwa Marekani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 145. Kila silinda ina kabureta yake. Lakini moteri inapofika mizunguko 6000 kwa dakika, vilango vidogo katika njia za hewa huanza kufunguka. Kwenye mizunguko 8000 vimefunguka kabisa, na kila silinda hunyonya hewa na esansi kutoka kabureta mbili badala ya moja. Akili hiyo waliiita V-Boost. Mpandaji huisikia mgongoni: pikipiki iliyokuwa ikienda kwa nguvu tayari yapata nguvu ya pili, kana kwamba mtu ameisukuma kwa nyuma.

Nguvu hiyo haiendi kwenye gurudumu kwa mnyororo, bali kwa mti wa chuma uzungukao, uitwao kardani. Kwa hiyo mwenyewe hana mnyororo wa kukaza wala wa kupaka mafuta. Tangi la esansi nalo haliko mahali lionekanapo. Lile la mbele ni kifuniko tu. Esansi yenyewe, lita 15, imewekwa chini ya kiti. Moteri yenye kiu kama hiyo haiendi mbali kwa lita 15.

Viwanda vingine vilifuata njia hiyo. Mwaka 2001 Harley-Davidson ilionyesha V-Rod, ambayo moteri yake ilitengenezwa kwa msaada wa Porsche ya Ujerumani. Iliuzwa mpaka mwaka 2017. Triumph ya Uingereza ilitoa Rocket III mwaka 2004, yenye silinda tatu na ujazo wa santimita 2294, kupita motokari nyingi. Ducati ya Italia ilileta Diavel mwaka 2011. Yamaha wenyewe walitengeneza VMAX mpya ya santimita 1679 na nguvu za farasi 200, ambayo ilidumu mpaka mwaka 2020. Zote zafanana kwa jambo moja: uzito mwingi, nguvu nyingi, na mwenyewe asiyezipanda kila siku.

KWA NINI ZAUZWA

Mtu akifungua ukurasa wa matangazo ataona maneno haya tena na tena: pikipiki ina umri wa miaka 20, nayo imekwenda kilomita chache tu. Moyo wa mnunuzi hufurahi. Yeye asema: «Haijachoka, ni kama mpya.»

Polepole, ndugu. Swali la kwanza ni hili: kwa nini imekwenda kidogo hivyo? Jibu mara nyingi ni kwamba hata kwa yule anayeiuza, ilikuwa pikipiki ya pili. Alikuwa nayo nyingine ya kazi. Hii aliipanda siku chache za jua, kisha akaiacha garajini. Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na katika Ulaya ya kaskazini, baridi na theluji huzifungia pikipiki nyingi ndani tangu Novemba mpaka Machi. Mwaka mmoja mwenyewe alikuwa na kazi nyingi, mwaka wa pili alizaliwa mtoto, mwaka wa tatu mgongo ulimwuma. Hivi mashine ikalala miaka.

Sisi twajua kwamba nyumba isiyokaliwa hubomoka mapema kuliko nyumba yenye watu. Pikipiki ni vilevile. Kutumika huipunguza kidogo kidogo, lakini kulala huiharibu pasipo mtu kuona, maana kwa nje rangi yang'aa na chuma kimefutwa vumbi.

MADHARA YA KULALA

Esansi ndiyo ya kwanza kuoza. Ikikaa miezi mingi, sehemu yake iliyo nyepesi hupotea hewani, na inayobaki huwa kama gundi. Gundi hiyo huziba vitundu vya kabureta, ambavyo ni vyembamba sana. Esansi nyingi ya Marekani imechanganywa na pombe, karibu sehemu 10 kwa 100, na pombe hiyo huvuta unyevu wa hewa. Katika V-Max ya kwanza kabureta ni nne, nazo zimefinywa katikati ya silinda. Kuzitoa, kuzisafisha na kuzisawazisha ni kazi ya fundi, wala si ya nusu saa.

Mipira ya magurudumu ni ya pili. Mtu huangalia meno ya mpira, akiyaona marefu huridhika. Lakini mpira huzeeka hata usipotembea. Hukauka, hupasuka ubavuni, hushindwa kushika njia, hasa wakati wa mvua. Umri wake umeandikwa ubavuni mwake. Tangu mwaka 2000 tarakimu za mwisho ni nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. Mpira wenye alama 2314 ulitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2014. Mpira wa namna hiyo, hata ukiwa na meno yake yote, haufai kubeba mtu na nguvu za farasi 145.

Tatu ni maji ya freni. Nayo huvuta unyevu. Maji yakiisha kuingia ndani yake, joto la freni huyachemsha, na mkono wa mpandaji hukuta freni laini pale pale anapoihitaji. Ndiyo maana viwanda huagiza yabadilishwe kila miaka miwili, iwe pikipiki imetembea au haikutembea. Yakionekana meusi kama kahawa, jueni kwamba daftari ya matengenezo imesahauliwa.

Kisha batri, ambayo hufa ikiachwa bila kuchajiwa. Na mipira midogo izuiayo mafuta katika miguu ya mbele, ambayo hukauka na kuvuja siku pikipiki inapoanza kutembea tena. Na maji ya kupozea moteri, ambayo yakizeeka huacha kuilinda na kutu. Hakuna hata moja kati ya hayo lionekanalo katika picha ya tangazo.

SIKU YA KUIANGALIA

Mnunuzi mwenye busara haendi peke yake, wala haendi jioni. Huenda mchana, pamoja na rafiki ajuaye mashine na asiye na tamaa ya kuinunua. Tena humwomba mwuzaji mapema asiiwashe moteri kabla wageni hawajafika. Akifika, huweka mkono karibu na moteri. Ikiwa ina joto, huuliza kwa upole sababu yake, kwa kuwa moteri iliyopashwa moto huficha shida yake ya kuamka. Moshi wa samawati ukiendelea kutoka, mafuta yanaungua ndani. Moshi mweupe usiokoma hata moteri ikiisha kupata moto, huenda maji ya kupozea yameingia mahali pasipopasa.

Baadaye hukagua mwili. Ncha za usukani, vikanyagio na mabomba ya moshi husema kweli: vikiwa na mikwaruzo ya upande mmoja, mashine imeanguka. Gurudumu la mbele likiinuliwa, usukani ugeuzwe taratibu kulia na kushoto. Ukishika katikati kama kwenye kijishimo, gololi zake zimekwisha.

V-Max yenyewe ina mambo yake ya pekee. Za tangu 1985 mpaka 1992 zina miguu ya mbele myembamba, milimita 40, na freni dhaifu kwa uzito wao. Mwaka 1993 kiwanda kilitia miguu ya milimita 43, sahani za freni kubwa zaidi na vibanio vyenye nguvu zaidi. Kwa hiyo, kama bei yakaribiana, ile ya mwaka 1993 au baadaye ndiyo bora. Jambo jingine ni vitesi ya pili. Katika mashine nyingine, hasa zile za miaka ya kwanza, vitesi hiyo huruka nje mpandaji anapofungua esansi kwa nguvu. Ugonjwa huu hautibiwi juu juu. Lazima kuitoa moteri na kuipasua mara mbili. Ndiyo sababu kuipanda kwa majaribio si adabu tu, ni lazima, pamoja na kuijaribu vitesi ya pili katika njia iliyo wazi.

Mnunuzi wa Ulaya aongeze swali moja. Katika Ufaransa, mpaka mwaka 2016, sheria ilikataza pikipiki zenye nguvu zaidi ya farasi 100. V-Max zilizouzwa huko kwa ajili hiyo zilipunguzwa, V-Boost haikufanya kazi. Anayelipa bei ya farasi 145 ahakikishe kwamba hakuletewa 100.

Mwisho ni hati. Namba ya kiunzi, iliyochongwa karibu na shingo ya usukani, isomwe moja moja na kulinganishwa na hati ya umiliki. Jina lililo katika hati liwe la yule anayeuza. Huko Marekani, pikipiki ambayo shirika la bima limeihesabu kuwa imeharibika kupita kiasi hupewa hati yenye alama ya pekee, na thamani yake hushuka sana. Ofisi iitwayo National Insurance Crime Bureau humruhusu mtu yeyote kuuliza bila malipo kama namba fulani imeandikwa kuwa ya chombo kilichoibiwa au kilichoharibika. Dakika chache za kuuliza zaweza kuokoa akiba ya miaka.

Je, mwuzaji ana daftari? Ametunza karatasi za fundi, za mafuta, za mipira? Wahenga wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye pikipiki aliyeandika tarehe ya kila tengenezo ameitunza; asiyeandika labda naye aliitunza, lakini mnunuzi hana ushahidi ila maneno.

HESABU YA NYUMBANI

Haya, tufanye hesabu. Tuseme baba mmoja mkaaji wa Ohio ana pikipiki nzuri ya kwendea kazini. Ameona V-Max mbili. Ya kwanza yauzwa dola 4000. Ni safi, ina kilomita chache, lakini imelala miaka sita. Ya pili ni dola 4800. Kilomita zake ni mara tatu, rangi imefifia, ila mwenyewe huipanda kila juma, na daftari yake imejaa.

Baba achagua ile ya kwanza katika mawazo yake, apate faida ya dola 800. Mama watoto amwambia: «Baba, kaa kwanza tuandike.» Nao waandika: mipira miwili na kazi ya kuifunga, tuseme dola 400, kusafisha kabureta nne, dola 500, batri, dola 100, mafuta, maji ya freni na maji ya kupozea, dola 200. Jumla dola 1200. Ile rahisi imekuwa dola 5200, na hapo bado mipira ya miguu ya mbele haijavuja. Ile ghali imebaki 4800, na mwenyewe ataipanda siku ile ile.

Mama yule hakukataza furaha ya mumewe. Aliisaidia isiwe deni. Tena ana haki ya kuuliza mambo mengine mawili: bima ya pikipiki ya pili ni kiasi gani kwa mwaka? Na fedha hizi zatoka wapi, katika akiba ya furaha au katika karo ya watoto? Pikipiki ya kwanza yaweza kujitetea kwa kuwa hupeleka mtu kazini. Ya pili haina utetezi huo. Lazima inunuliwe kwa fedha ambazo zikipotea, watoto watakula na kusoma vilevile.

MPANDAJI NAYE APIMWE

Tumekagua mashine, sasa tumkague mtu. Mwenye pikipiki mbili ana hatari ambayo mwenye moja hana. Mikono yake imezoea ile ya kwanza: yajua uzito wake, yajua freni zake zashika wapi, labda ina chombo kinachozuia magurudumu yasijifunge. Kisha Jumamosi moja apanda V-Max ya zamani. Ina kilo zaidi ya 260 hata kabla ya kujazwa, chombo hicho haina, na freni zake ni za zamani. Lakini mikono bado yafikiri kwamba iko juu ya ile nyingine.

Wanafunzi waliosoma mambo ya mwendo wakumbuke kanuni hii: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ambayo freni zapaswa kuizima huzidi mara nne. Kruza ya mbio hufika mwendo mkubwa kabla mpandaji hajamaliza kuvuta pumzi. Kiunzi cha V-Max ya kwanza nacho hakikuweza kuifuata moteri yake. Kwenye mwendo mkubwa sana, na katika mapindo, huanza kuyumba. Mashine hii yapenda njia iliyonyoka, na njia nyingi za ulimwengu zina mapindo.

Kwa hiyo anayeinunua atenge siku za kwanza kwa kujifunza, hata kama amepanda pikipiki miaka 20. Atafute uwanja mtupu, ajizoeze kufunga freni za mbele na za nyuma, kugeuka polepole, kusimama ghafula. Tangu mwaka 1973 liko Marekani shirika la Motorcycle Safety Foundation, ambalo mafunzo yake si ya wanaoanza tu, bali pia ya wazoefu. Kofia ngumu, glavu, koti na viatu vya juu si vya safari ndefu peke yake. Safari fupi ya kujifurahisha yaweza kumwangusha mtu vilevile.

Kisha liko swali ambalo lapaswa kuulizwa kabla ya kulipa, si baada ya kulipa: je, nitaipanda? Asiyeipanda ataiua, kama mwenyewe wa kwanza alivyokuwa akiiua. Kuiwasha garajini dakika tano na kuizima hakutoshi. Ni kuongeza madhara, maana mvuke wa maji hubaki katika mafuta na katika mabomba bila kukaushwa na joto. Bora kuipanda angalau mara moja kwa mwezi, safari ya kutosha ili moteri ipate moto barabara. Na majira ya baridi yakija, ilazwe kwa utaratibu: tangi lijazwe esansi iliyotiwa dawa ya kuihifadhi, mafuta machafu yabadilishwe, batri iunganishwe na chaja ndogo, na yote yaandikwe katika daftari.

Vijana wetu wanaotafuta pikipiki ya kazi huko Bukavu, Kalemie au Lubumbashi hawatakutana na V-Max sokoni. Watakutana na mashine ndogo iliyopakwa rangi upya, na mwuzaji atakayesema: «Haijatumika sana, kijana wangu.» Wamwamkie kwa heshima. Kisha wasome tarakimu za mpira, waguse moteri, wafungue kifuniko cha maji ya freni, waulize daftari, ndipo wazungumze bei.